Fundi Anajibu: Kompyuta ndogo ikichemka, anza na vumbi kabla ya pesti

Barua nne za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia nne. Zote zinahusu zile kompyuta ndogo za mezani, za ukubwa wa kitabu kinene, ambazo ofisi za ng'ambo zikishazichoka huja kuuzwa tena kwenye maduka yetu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho wengine wamekiuliza kwa kifupi.

Fundi, habari za kazi. Nina duka la steshenari mjini Morogoro, kando ya barabara ya vumbi. Mwaka juzi nilinunua kompyuta ndogo iliyokwishatumika, Lenovo ThinkCentre ya aina ya Tiny, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-6500T. Ilikuwa kimya kabisa. Siku hizi ikifika saa sita mchana feni inavuma kama mashine ya kusaga, kuchapa kurasa ishirini kunageuka kazi ya nusu saa, na mara mbili imejizima mteja akiwa amesimama mbele yangu. Fundi mmoja wa hapa anasema prosesa imechoka, ninunue mashine nyingine. Jirani yangu anasema ni pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, imekauka. Nani mkweli, na je, naweza kuifungua mwenyewe? — Mama Steshenari, Morogoro

Mama, kwanza nikutoe hofu. Prosesa si tairi kusema inalika kidogo kidogo kwa safari. Kwa kawaida ama inafanya kazi, ama imekufa na mashine haiwaki kabisa. Unayoyaeleza, yaani mashine kuwa nyepesi asubuhi, nzito mchana na kujizima joto linapozidi, ni tabia ya prosesa nzima inayojilinda. Ikiona joto limefika kikomo hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, mashine hukata umeme ili isiungue. Hiyo i5-6500T yako imetengenezwa iende kwa gigahezi 2.5 na kupanda hadi 3.1 kazi inapoongezeka, lakini ikibanwa na joto inaweza kushuka hadi 0.8, na hapo ndipo kurasa ishirini zinapokula nusu saa. Jirani yako ameukaribia ukweli zaidi kuliko fundi wako, ila naye ameanzia mwisho.

Kabla hujashika bisibisi, pima. Weka programu ya Core Temp au HWiNFO kwenye mashine. Core Temp huonyesha joto la kila kiini cha prosesa, na pia kikomo cha prosesa hiyo kwenye mstari ulioandikwa Tj. Max; HWiNFO ina mstari wa Thermal Throttling unaogeuka kuwa Yes pale kasi inapopunguzwa kwa sababu ya joto. Kikomo hakilingani kwa prosesa zote: nyingi za Intel za kompyuta mpakato huwekewa nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali baadhi ya hizi za wati 35 zenye herufi T huwekewa chini ya hapo, kwa hiyo usichukue namba ya mtu mwingine bali soma ya mashine yako. Andika joto la asubuhi mashine ikiwa haina kazi, kisha la mchana ikiwa inachapa, na uihifadhi karatasi hiyo kwa sababu utaihitaji baadaye. Ukikuta mashine iko kwenye nyuzi 50 hivi na bado inatambaa, usiifungue, maana tatizo lako ni jingine, mara nyingi diski ya zamani ya kuzunguka au chaja isiyo yake. Baadhi ya Dell, kwa mfano, zina pini nyembamba katikati ya plagi ya chaja ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine, na isipotambulika mashine hujipunguzia kasi hata ukiiweka ndani ya friji.

Tuje kwenye vumbi, maana hapo ndipo penye neno. Kasha la mashine yako lina milimita 179 kwa 183, na unene wa 34.5, yaani lita moja na ushee tu, na ndani ya nafasi hiyo wamejibana prosesa, diski, RAM (kumbukumbu ya muda) na feni moja. Feni huvuta hewa ya dukani na kuisukuma kupitia mapezi ya hitisinki, kile kipande cha chuma kinachokalia prosesa na kunyonya joto lake. Mapezi hayo yamepangwa karibu karibu kama meno ya kitana, na kila uzi wa nguo, unywele au chembe ya karatasi inayopita kwenye feni hukwama pale yanapoanzia. Uzi wa kwanza ukikwama humshika wa pili, na wa pili humshika wa tatu. Si muda mrefu niliondoa feni ya mashine ya aina hiyo hiyo iliyotoka kwa fundi cherehani, na nyuma yake mapezi hayakuonekana kabisa. Palikuwa na kitu cha kijivu kilichoshikamana kama kipande cha blanketi, nikakishika kwa kibano kikatoka kizima, na nyuma yake chuma kilikuwa kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana. Feni haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote ikiipuliza hewa ukutani. Mashine ile niliirudisha na pesti yake ya zamani, na mwenyewe akaja kuniuliza kama nimemwekea feni mpya.

Dukani kwako kuna adui wa ziada, nayo ni ile tona ya fotokopi. Ni unga laini mno wa plastiki, na mashine ya fotokopi yenyewe hutoa hewa ya moto upande wa nyuma. Kama kompyuta yako imekaa hapo nyuma au imelazwa juu ya rimu za karatasi, ihamishe leo kabla ya kingine chochote.

Pesti nayo ina kazi yake, na ni vizuri uielewe ili usiipe sifa isiyo yake. Uso wa prosesa na uso wa hitisinki, hata vikionekana laini namna gani, vina mikwaruzo midogo, na ndani ya mikwaruzo hiyo mna hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida sana. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, hewa ina takriban 0.026, shaba ina karibu 400, na pesti nyingi za madukani ziko kati ya 4 na 12. Kwa hiyo pesti inaizidi hewa mara mamia, lakini mbele ya shaba ni dhaifu mno, na ndiyo sababu inatakiwa ijaze mikwaruzo tu, isiwe godoro kati ya vyuma viwili. Mtu anayepaka nyingi akidhani ndiyo kuipoza zaidi anafanya kinyume cha alichokusudia. Baada ya miaka ya kupata moto na kupoa, mafuta yaliyoushikilia unga wa pesti hujitenga na kukauka, ikabaki kitu kama chokaa kinachomeguka. Prosesa yako ni ya kizazi kilichotoka mwaka 2015, na kama hakuna aliyeifungua tangu iwe mpya, basi ndiyo, pesti yake imezeeka, na ukishafika hadi kwenye hitisinki ibadilishe.

Je, unaweza kuifungua mwenyewe? Unaweza. Jambo litakalokupa moyo ni kwamba chaja iko nje ya kasha, na kinachoingia ndani ni volti 20 tu za mkondo mnyoofu, kwa hiyo hakuna umeme wa ukutani wa volti 230 unaokusubiri humo. Tafuta bisibisi ya nyota iliyo ndogo na isiyolika, kibano, brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, vijiti vya pamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, tyubu ndogo ya pesti ya kawaida na spiriti. Kuhusu spiriti, ile ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa kufutia, mradi uache sehemu ikauke kwa dakika kadhaa kwa kuwa sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Pombe ya isopropili ya asilimia 99, wanayoitumia mafundi simu, ni bora zaidi. Kitakasa mikono hakifai kwa sababu kina jeli na glisirini, spiriti ya kuwashia yenye rangi huacha madoa, na petroli au thina zitakulia plastiki. Nasema haya kwa sababu yote nimeshayaona yakitumika.

Washa mashine kwa dakika kumi hivi ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime kwa utaratibu wake, chomoa nyaya zote, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Nyuma ya Tiny kuna skrubu moja inayoshika kifuniko. Itoe, sukuma kifuniko kuelekea mbele, kisha kinyanyue. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kingine chochote, ili umeme tuli wa mwilini ushuke kwenye chuma, usishuke kwenye RAM. Halafu piga picha kwa simu kabla hujatoa kitu, na upige nyingine kila unapotoa kimoja. Skrubu ziweke juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokuwa kwenye mashine, kwa sababu zinafanana kwa sura lakini hazilingani urefu, na iliyo ndefu ikiingia pasipo pake hutoboa kitu.

Feni ina plagi ndogo kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba vitu vyote, na hapa naomba usome polepole. Usivute waya. Shika plagi yenyewe kwa kucha mbili, kushoto na kulia, na uinyanyue kidogo kidogo kwa kuitikisa. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, nilivuta waya, kitako cha plagi kikang'oka pamoja nao kutoka kwenye ubao, na kazi ya nusu saa ikanikesha hadi saa nane za usiku nikikichomelea upya kwa risasi chini ya kioo cha kukuzia. Mwenye mashine hakuambiwa, na leo namwomba radhi hapa.

Feni ikishatoka, toa lile blanketi la vumbi kwa kibano, kisha piga mapezi kwa brashi kutoka pande zote mbili na upulize. Kopo la hewa iliyobanwa linafaa, na pampu ya mkono ya kujazia mipira inafaa pia ukiwa na subira. Kompresa ya mtu wa matairi haifai, ingawa najua iko jirani na ni rahisi: hewa yake hutoka na matone ya maji na mafuta, na nguvu yake inaweza kung'oa vitu. Unapopuliza feni, ishike panga zake kwa kidole zisizunguke, kwa sababu zikizungushwa kwa upepo kupita kasi yake huumia shina, na kama bado imechomekwa kwenye ubao hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme usiotakiwa. Panga zenyewe zifute moja moja kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Kazi hii peke yake, kwa maoni yangu, ndiyo itakayotibu zaidi ya nusu ya ugonjwa wako, na ukiishia hapo ukafunga hakuna atakayekulaumu.

Ukiamua kuendelea hadi kwenye pesti, legeza skrubu za hitisinki kwa zamu, nusu mzunguko hapa na nusu kule, ukifuata namba zilizochorwa kando yake kama zipo. Usimalize moja kabisa kabla ya kugusa nyingine. Zikishalegea zote, hitisinki inaweza kuwa bado imegandia. Usiivute juu kwa nguvu. Izungushe kidogo kushoto na kulia kama unafungua kifuniko cha chupa ya jemu, mpaka uisikie inaachia. Prosesa yako ya Intel imebanwa kwenye kitako chake kwa kishikio cha chuma, kwa hiyo haitang'oka, na hakuna sababu ya kukifungua kishikio hicho, maana chini yake kuna pini 1151 nyembamba kuliko sindano ambazo ukiipinda moja umenunua ubao mama mwingine. Wenye mashine za AMD za kitako cha AM4 wawe waangalifu zaidi: kwao pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukivuta hitisinki ikiwa baridi, prosesa inaweza kutoka nayo na kupinda pini njiani.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, kutoka pembeni kuelekea katikati ili usiisambaze, mpaka uone sura yako kwenye chuma. Usikwangue kwa kisu. Weka pesti mpya katikati ya prosesa kwa kiasi cha punje ya dengu, na usiitandaze kwa kidole, kwa sababu mgandamizo wa hitisinki utaitandaza. Shusha hitisinki wima, isiburuzike, na ukaze skrubu kwa zamu ileile ya msalaba mpaka kila moja igome yenyewe, kisha uache. Zina springi zinazopima mgandamizo, na mkono wa mtu wenye hasira hauongezi kitu. Rudisha feni, chomeka plagi yake kwanza kabla hujafunga chochote, na uangalie kama hakuna waya unaogusa panga. Ukiwa humo ndani, kama saa ya kompyuta imekuwa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha pia betri ya duara ya CR2032, kwani hutapata nafasi nzuri kuliko hiyo.

Washa. Kama skrini inaleta ujumbe kuhusu feni, zima mara moja, umesahau plagi. Kama hakuna ujumbe, rudi kwenye ile karatasi yako na upime tena kwa kazi ileile na saa ileile ya mchana. Ulinganishe mchana na mchana, Mama, kwa kuwa wengi hupima kabla saa saba mchana na baada saa mbili usiku, kisha wakaisifu pesti kwa kazi iliyofanywa na hali ya hewa.

Nina Intel NUC. Nilifungua skrubu nne za chini, nikaona RAM na SSD, nikapuliza vumbi na kufunga. Feni bado inalia, tena sikuiona kabisa humo ndani, na sasa Wi-Fi inashika nikiwa karibu na ruta tu. Nimeharibu nini? — Kijana wa Likoni, Mombasa

Hujaharibu kitu, kaka, ila umefungua mlango wa nyuma. Kwenye NUC nyingi ubao umelala kifudifudi: RAM na SSD, ile diski isiyozunguka, zinaangalia kifuniko ulichokitoa, na prosesa na feni ziko upande wa pili, zimegeukia juu ya kasha. Ulipopuliza, vumbi la upande mmoja huenda lilihamia mwingine.

Wi-Fi tuimalize haraka. Chini ya SSD kuna kadi ndogo yenye nyaya mbili nyembamba za antena, moja nyeusi na nyingine nyeupe au ya kijivu, zenye vichwa vya duara vidogo kuliko kichwa cha pini ya ushungi. Kimoja kimechomoka. Kiweke sawasawa juu ya kitako chake, kikandamize wima kwa kucha mpaka usikie mlio mdogo, na usirudie rudie, kwa sababu vichwa hivyo havikutengenezwa kwa kuvuliwa kila Ijumaa.

Kuifikia feni, toa SSD, zitoe nyaya hizo kwa makusudi safari hii, ondoa skrubu zinazoushika ubao kwenye kasha, kisha unyanyue ubao kwa kuuinamisha ili matundu ya nyuma ya HDMI na mtandao yatoke kwenye nafasi zake. Kama haunyanyuki, kuna skrubu hujaiona, usiulazimishe. Ukiugeuza utakuta feni ya kupuliza kwa pembeni na mapezi mafupi kwenye ukingo wake, na blanketi la vumbi limekaa katikati ya viwili hivyo, mahali ambapo pumzi yako ya kwanza isingefika kamwe.

Tofauti kubwa na mashine ya Mama wa Morogoro ni kwamba prosesa hii ni ya kompyuta mpakato: imechomelewa kwenye ubao na haina kofia ya chuma. Unachokiona ni kipande kitupu cha silikoni kinachong'aa kama kioo, na kona zake hukatika kama za kioo ukiiegemeza hitisinki upande mmoja. Kwake pesti lazima ifunike uso wote, hivyo hapa nakuruhusu uitandaze kwa kipande cha plastiki laini mpaka iwe utando mwembamba.

Kwa kuwa uko pwani, tazama pia rangi ya kijani au nyeupe kwenye vichwa vya skrubu na matundu ya plagi. Ni chumvi ya hewa ya bahari iliyoanza kula chuma. Ifute kwa isopropili ya asilimia 99 na brashi. Na kama feni inakwaruza hata baada ya kuwa safi, shina lake limelika. Tone la mafuta ya cherehani litakunyamazishia kwa wiki chache, nami nimelitumia nikisubiri feni ifike, lakini si tiba. Intel iliacha kuzitengeneza NUC mwaka 2023 na kazi hiyo ikachukuliwa na ASUS, kwa hiyo unapotafuta feni usitafute kwa jina la kompyuta, bali kwa namba iliyochapwa kwenye kibandiko cha feni yenyewe.

Fundi, pesti hapa kwetu ni ghali na si rahisi kupatikana. Nimesikia dawa ya meno hufanya kazi ileile. Rafiki yangu naye ananiambia ninunue metali ya kimiminika kwa sababu ndiyo bora kuliko zote. Nifuate upi? — Msomaji wa Nakuru

Usifuate hata mmoja. Dawa ya meno hupoza kweli kwa saa chache, na ndipo watu wanaposhangilia. Lakini inachopitishia joto ni maji yake, na maji hayakai karibu na kitu chenye nyuzi 70. Baada ya siku chache utabaki na ukoko mkavu mbaya kuliko pesti uliyoifuta, na ikiwa imemwagikia vijisehemu vya pembeni ingali mbichi, maji hayo yanapitisha umeme.

Metali ya kimiminika ni mchanganyiko wa galiamu na metali nyingine, na kwa kupitisha joto kweli inaishinda pesti ya kawaida kwa mbali. Ila inapitisha umeme pia, tone moja likitambaa mpaka kwenye ubao umepata shoti, na galiamu hula alumini mpaka ikamomonyoka kama biskuti iliyoloweshwa chai, na hitisinki nyingi za bei nafuu ni za alumini. Kwa prosesa ya wati 35 hiyo ni dawa ya simba kumpa paka. Tyubu ya gramu mbili ya pesti nyeupe ya kawaida inatosha mashine kadhaa. Changeni watu watatu mnunue moja.

Ninaishi Muscat na nina kompyuta ndogo isiyo na feni kabisa, kasha lake zima ni la alumini lenye mbavu juu. Inachemka kuliko zamani. Niliifungua, na badala ya pesti nikakuta vipande laini vya kijivu kama ufizi, kimoja kimechanika. Nimekitoa na kupaka pesti nyingi mahali pake, na sasa inachemka zaidi. — Mzanzibari wa Muscat

Bwana, kile ulichokitoa ni pedi ya joto, na haikuwekwa pale kwa sababu mtengenezaji alikosa pesti. Iliwekwa kwa sababu kati ya kile kijisehemu na kasha kuna nafasi ya wazi, labda nusu milimita au milimita moja na nusu, na pesti haiwezi kuziba nafasi kama hiyo; imebaki kilima upande mmoja na hewa upande wa pili. Futa pesti yote. Chukua pedi nzima iliyobaki, pima unene wake pembeni, mahali ambapo haikugandamizwa, na ununue ya unene uleule, kwa kuwa zinauzwa kwa 0.5, 1.0, 1.5 na kuendelea. Ukichukua nyembamba haitagusa. Ukichukua nene zaidi itaubonyeza ubao mpaka upinde, au itaizuia sehemu ya prosesa isikae sawasawa kwenye kasha. Kama prosesa yenyewe ilikuwa na pesti na vijisehemu vya pembeni vina pedi, rudisha hivyo hivyo, kila kimoja na chake. Ondoa karatasi za plastiki za pande zote mbili kabla ya kubandika. Zipo mbili, na ile ya pili haionekani kirahisi.

Na kwa joto la Muscat, kasha lisilo na feni lina msaidizi mmoja tu, nao ni upepo wa chumbani. Lisimamishe kwa ubavu kama mguu wake unaruhusu, mistari ya mbavu ikiwa wima kutoka chini kwenda juu, na uliondoe nyuma ya televisheni.